Elimu ya afya kwa mama na mtoto: namna ya kufundisha hadi kitendo kionekane nyumbani

Afya ya mtoto mdogo huamuliwa zaidi nyumbani kuliko hospitalini. Aliyemlisha leo alikuwa amenawa mikono? Alipoanza kuhara usiku alipewa nini? Pumzi ilipoanza kwenda mbio, nani aligundua, na ilichukua muda gani hadi atolewe nyumbani? Maswali hayo ndiyo yanayotenganisha mtoto anayepona na asiyepona, na elimu ya afya kazi yake ni kuyabadilisha majibu yake.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliitaja elimu ya afya ya kwanza kabisa katika orodha ya huduma za afya ya msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu nchi 175, ulikadiria kwamba karibu nusu ya upungufu wa vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 kati ya mwaka 1970 na 2009 inahusiana na wanawake kusoma zaidi shuleni. Lakini mama ambaye hakusoma hawezi kusubiri shule. Anachohitaji ni mambo machache, yaliyofundishwa vizuri, wakati mtoto wake bado ana umri unaoyahitaji.

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa afya ya jamii, walimu na viongozi wa vikundi vya akina mama. Msimamo wake ni mmoja: elimu inayobaki kichwani haimnenepeshi mtoto. Mama anaweza kutaja faida zote za kunyonyesha, na bado mtoto wake wa miezi 3 akawa anapewa maji kila jioni, kwa sababu bibi yake ndiye anayeshika mtoto jioni na bibi hakualikwa.

Hatua ya 1: Jua kinachofanyika kabla ya kufundisha

Usianze na orodha ya masomo. Anza kwa kutembelea kaya na kuuliza habari za jana. "Unajua umuhimu wa kunawa mikono?" ni swali bovu, maana kila mtu atajibu ndiyo. Uliza hivi: "Jana, tangu mtoto alipoamka hadi alipolala, aliweka nini mdomoni?" Kisha omba kuona: maji ya kunawa yako wapi, sabuni iko wapi, kadi ya kliniki iko wapi. Kadi isiyopatikana ndani ya dakika chache ni habari tosha.

Ukishaona tabia inayosumbua, tafuta kizuizi chake. Njia nzuri ni kuwauliza akina mama wanaofanya jambo hilo na wasiofanya maswali yaleyale: nini kinalirahisisha, nini kinalikwamisha, nani anakubali, nani anakataa. Wanaofanya uchunguzi huu kitaalamu huhoji watu 45 wa kila upande. Kwa kikundi kidogo, hata watu 10 kwa 10 watakuonyesha mwelekeo. Mara nyingi utakuta wote wawili wanajua jambo lilelile, ila mmoja ana maji karibu na mlango na mwingine anayafuata mbali. Hapo somo jingine la vijidudu halitasaidia. Kinachotakiwa ni chombo cha maji kando ya choo.

Chagua tabia 3 au 4 za kuanzia, zile ambazo watoto wa eneo lako wanaumia kwa kukosa. Zaidi ya hapo utakuwa unahubiri.

Hatua ya 2: Panga kikundi

Kikundi kizuri kina watu 10 hadi 15. Kikizidi hapo, wenye sauti ndogo hawasemi, na mara nyingi ndio wenye watoto dhaifu. Mpango uliothibitika ni ule ulioanzia Msumbiji mwaka 1995: mhamasishaji mmoja anawafundisha wanawake 10 hadi 15 wa kujitolea, na kila mmoja wao anabeba somo hilo hadi kaya 10 hadi 15 za majirani zake. Kwa hesabu hiyo mtu mmoja anafikia kaya 100 hadi 225 bila kukusanya umati, na mama anafundishwa na mtu anayejua jiko lake.

Kutaneni kila baada ya wiki 2. Somo lisizidi saa moja, watoto wakiwemo.

Kuna jambo la idadi ambalo wengi hulipuuza. Vikundi vya wanawake vinavyojadili matatizo yao na kutafuta suluhisho pamoja vimejaribiwa kwa umakini. Huko Makwanpur, Nepal, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban asilimia 30, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2004. Uchambuzi wa majaribio 7 uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo hivyo vilipungua kwa takriban theluthi moja pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito wa eneo walishiriki. Kwa hiyo, kikundi kizuri chenye mjamzito mmoja kati ya 20 wa mtaa hakitabadilisha mtaa. Hesabu wajawazito wa eneo kwanza, ndipo ujue unahitaji vikundi vingapi.

Waalike baba na bibi. Wasipokuja, wafuate. Mama mdogo aliyeolewa karibuni hawezi kukataa amri ya mama mkwe kwa kuwa wewe ulimwambia. Mpe bibi kazi yenye heshima: yeye ndiye mlinzi wa miezi 6 ya kwanza, anayehakikisha mtoto hapewi kitu kingine zaidi ya titi.

Hatua ya 3: Somo moja, kitendo kimoja, mikononi mwao

Mtiririko wa somo ni huu: salimianeni, ulizeni nani alijaribu kitendo cha wiki 2 zilizopita na kilimkwamisha nini, onyesha kitendo kipya, kila mmoja akifanye, kila mmoja aseme atakifanya lini. Ukifupisha chochote, fupisha maneno yako. Usifupishe zamu za kufanya.

Chukua mfano wa maji ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayehara, maana hapa ndipo makosa ni mengi na madhara ni ya haraka. Weka mezani pakiti halisi, sabuni, maji safi ya kunywa, kikombe, kijiko, na vyombo ambavyo akina mama wenyewe wanatumia nyumbani. Mama mmoja achanganye, wengine watazame.

Kwanza ananawa mikono. Pili anasoma au anasomewa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti: nyingi ni za lita 1, lakini zipo za mililita 500 na 200. Tatu anapima maji, hakadirii. Kama hana chombo cha lita 1, tafuteni pamoja chupa au sufuria yake, pimeni mara moja, na wekeni alama pale lita inapofika. Nne anamimina pakiti YOTE, anakoroga hadi iyeyuke, na anaonja. Ladha haipaswi kuzidi chumvi ya machozi. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 humwagwa.

Kama pakiti haipo kabisa: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vimesawazishwa kwa kisu au kidole. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, sukari ikizidi inaongeza kuhara. Ndiyo maana kijiko cha kilima hakikubaliki.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani kama robo hadi nusu kikombe, kila baada ya kuhara. Mwenye miaka 2 na zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Kunyonya na kula viendelee.

Makosa utakayoyaona: kugawa pakiti nusu ili ibaki ya kesho, kuchemsha maji baada ya kuchanganya, kuongeza sukari mtoto apende, kumpa soda badala yake. Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha siku ya kwanza kwa sababu "dawa haifanyi kazi". ORS haizuii kuhara. Inarudisha maji na chumvi zinazopotea, na maji yakiisha mwilini ndipo mtoto hufa. Sema jambo hili wazi kabla mama hajalikuta mwenyewe. Kuhara kunafupishwa na zinki: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya 3.

Akishamaliza, mwambie: "Nionyeshe kama vile unamfundisha dada yako." Akikosea, rudia wewe kuonyesha. Kosa lake linakuambia kwamba maelezo yako hayakueleweka, na usimwaibishe mbele ya wenzake. Aliyeaibishwa mara moja harudi, na mtoto wake anapotea kwenye macho yako.

Hatua ya 4: Mfuate nyumbani ndani ya wiki

Ziara ya dakika 15 ina thamani kuliko somo jingine. Mwombe akuonyeshe, usimhoji. Kama kitendo hakijafanyika, tafuteni pamoja kinachozuia na mkubaliane jambo dogo la kujaribu hadi ziara ijayo. Sifia kitu mahususi ulichokiona kwa macho yako: "Naona sabuni iko pale pale unapomlishia." Sifa ya jumla haimfundishi mtu chochote.

Hatua ya 5: Fundisha kwa kufuata umri wa mtoto

Somo la chakula cha nyongeza halimwingii mama mwenye mimba ya miezi 4. Panga hivi.

*Mimba.* Kliniki mapema, ndani ya wiki 12 za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu au choo cheusi, basi waambie mapema kwamba choo cheusi ni kawaida, na kwamba kuvimeza pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu. Kila familia iamue kabla ya uchungu: kituo gani, usafiri gani, nani abaki na watoto.

*Saa na siku za kwanza.* Mtoto akaushwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa 1. Maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Yana kinga nyingi, na uchache wake unalingana na tumbo dogo la mtoto. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi; kisipakwe kitu ambacho kituo cha afya hakijakitoa. Mtoto alazwe chali.

*Hadi miezi 6.* Maziwa ya mama pekee, mara 8 hadi 12 kwa saa 24 mtoto akiwa mchanga, usiku ukiwemo. Maji hayahitajiki hata wakati wa joto. Yanajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa linapunguza maziwa. Hapo ndipo "maziwa yangu hayatoshi" huanzia. Mfundishe mama ushahidi anaoweza kuuhesabu: kuanzia siku ya 5 mtoto anayetosheka hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda kwenye kadi. Kilio peke yake si ushahidi. Chuchu zikiuma, tazama mtoto anavyoshika titi: mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie mdomoni. Mama anayeishi na VVU apate ushauri wake kituoni, kwa faragha. Kikundi kisimtolee amri.

*Miezi 6 hadi 24.* Huu ndio umri ambao watoto wengi hudumaa, na sababu ya kawaida ni chakula chepesi mno. Onyesha kwa kijiko: chakula kizuri kinabaki kijikoni ukikiinamisha kidogo, kinachotiririka ni maji mengi na nguvu kidogo. Miezi 6 hadi 8, milo 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia vijiko 2 au 3 vya kulia na kupanda hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe, milo 3 hadi 4. Kuanzia mwaka 1, robo tatu hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4, na vitafunwa mara 1 au 2. Ndani ya siku apate makundi tofauti: nafaka au mizizi, kunde, chakula kitokanacho na wanyama, mboga na matunda ya rangi. Titi liendelee hadi miaka 2 na zaidi. Asali isitolewe kabla ya mwaka 1.

Mtoto awe na sahani yake. Akila sahani moja na wakubwa, hakuna ajuaye alikula kiasi gani. Anayemlisha amtazame, azungumze naye, amsubiri. Kulazimisha kunamfanya aogope chakula. Kuzungumza na kucheza naye vina nafasi yake hata nje ya mlo, tangu siku ya kwanza: muitie jina, mjibu sauti zake, mpe vitu safi na visivyomezeka avishike. Ubongo hukua kwa majibizano hayo pamoja na chakula.

*Chanjo.* Somo fupi linatosha, likigusa hofu halisi. Homa ndogo na uvimbe pale alipochomwa ni jambo la siku 1 au 2. Mafua kidogo si sababu ya kuahirisha. Mtoto aliyechelewa haanzi upya, anaendelea alipoishia. Mama aliyechelewa huogopa kukemewa, basi mhakikishie, na ikibidi msindikize.

Na mama mwenyewe asisahauliwe. Akiwa na huzuni, kukosa usingizi hata mtoto akilala, au kutojali mtoto kwa zaidi ya wiki 2, huo ni ugonjwa unaotibika. Mpeleke kituoni. Kumwongezea masomo hakutamsaidia.

Hatua ya 6: Dalili za hatari zifanyiwe mazoezi

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, dalili hizi hazisubiri asubuhi: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea sana au kutoamka. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2 ongeza joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya nyuzi 35.5, na kunyonya kwa udhaifu.

Kuhesabu pumzi hakuelezeki kwa mdomo, lazima kufanywe. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo uone tumbo na kifua. Mmoja ashike simu yenye saa, mwingine ahesabu kila kifua kinapopanda, kwa dakika 1 nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kunapotosha, kwa kuwa pumzi za mtoto hazina mwendo sawa. Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mwaka 1 hadi miaka 5. Kwa mchanga hesabu mara ya pili kuthibitisha. Mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta pumzi, nenda kituoni hata kama hesabu iko chini.

Utepe wa kupima mkono wa juu ufundishwe kwa akina mama wenyewe, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na chini ya 12.5 ni wa wastani. Bonyeza pia nyayo zote mbili kwa gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo, hata akionekana mnene.

Hatua ya 7: Watoto wenyewe

Watoto wa shule ni walimu wazuri wa wadogo zao. Mpango wa kufundisha mtoto kwa mtoto ulianzishwa London mwaka 1978, kuelekea Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, na wazo lake bado linafaa: watoto wanalielewa tatizo, wanachunguza hali ya kwao, wanajadili, wanatenda, wanaangalia kama kitendo kilifaa, na wanakiboresha. Darasa linaweza kuhesabu vyoo vingapi vina maji na sabuni, kutengeneza kibuyu chirizi (chombo cha kunawia kinachotiririsha maji kidogo kidogo), kisha kuhesabu tena baada ya mwezi.

Wafundishe kunawa kwa sekunde 20 na sabuni, viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole na kucha: baada ya choo, baada ya kumsafisha mdogo, kabla ya kushika chakula. Wajue pia kwamba kinyesi cha mtoto mchanga kina vijidudu kama cha mkubwa, na mahali pake ni chooni.

Kuna mpaka. Mtoto hapimi dawa, hamlei mdogo mgonjwa peke yake, na hatumwi nyumbani kumkosoa mzazi. Mpe swali la kuuliza au kazi ya kuonyesha.

Hatua ya 8: Pima kitendo

Karatasi ya mahudhurio inakuambia nani alikaa kwenye mkeka. Kila miezi 3 tembelea kaya chache zilizochaguliwa kwa kura, na uhesabu: watoto wangapi wa chini ya miezi 6 hawakupewa kitu kingine jana, wangapi wa miezi 6 hadi 23 walikula idadi ya milo inayofaa umri wao, kaya ngapi zina maji na sabuni mahali pamoja, akina mama wangapi wanachanganya ORS sawasawa mbele yako. Apimaye asiwe aliyefundisha kaya hiyo, la sivyo atajibiwa kwa adabu.

Namba isiyosogea kwa vipindi 2 irudishe Hatua ya 1, kutafuta kizuizi. Usiongeze somo juu yake. Na kwa kuwa kila mwezi kuna mama mpya anayejiunga, asianze pale kikundi kilipofika: mhamasishaji amtembelee, aangalie umri wa mimba au wa mtoto, na ampe kwanza kitendo kinachohitajika wiki hiyo. Mengine atayapata kikundi kitakapozunguka tena.